Protini Isiyo na Mwenyewe

Mjomba wangu alipatwa na jiwe la figo Mombo, harusini, katikati ya hotuba. Upande wa bibi harusi ulikuwa umempa kazi ya kuzungumza kwa sababu ndiye mwenye sauti nzito kuliko wote katika ukoo wetu, na pia kwa sababu kazi hiyo akipewa mtu mwingine yeye hununa. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya kuwausia maharusi. Akasema, "Subira, wanangu," akanyamaza.

Tukadhani amenyamaza makusudi, maana huwa anafanya hivyo. Kisha akalaza kipaza sauti juu ya sahani ya pilau ya mtu, akashika ubavu wa kushoto, akaanza kutembea. Alizunguka turubai mara ya kwanza, watu wakampisha. Alipozunguka mara ya pili, mama mmoja wa upande wa bwana harusi akapiga kigelegele, na mpiga muziki, ambaye kazi yake ni kusoma hali ya watu, akaweka muziki. Mara ya tatu mjomba alikuwa na wafuasi watano nyuma yake, wanatingisha mabega na kupunga leso.

Nilijua kwamba hachezi. Mimi ni mtu wa maabara. Nimekaa Korogwe miaka kumi na moja nikipima damu, choo na mikojo ya watu, na nimewaona wenye mawe ya figo wanavyoingia. Hawakai, hawalali, hawasimami. Wanatembea tu, kama mtu anayetafuta pa kuyaacha maumivu asipaone. Nikaingia kwenye msafara, nikampita mama wa leso, nikamwambia mjomba sikioni, "Maumivu yanashuka mpaka kinenani?"

Akaniambia kwa utulivu bila kupunguza mwendo, "Mpwa, hayo si maswali ya harusini."

Gari lililokuwa karibu ni lile la maharusi wenyewe. Kwa hiyo mjomba aliingia hospitali Korogwe ndani ya gari lenye maua kwenye boneti na maputo mawili nyuma. Mlinzi wa geti alisimama wima akatupisha bila kuuliza kitu, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi ninayefanya kazi pale.

Jiwe lilitoka siku ya pili, baada ya dripu na sindano, likanaswa kwenye chujio la chai tulilompa. Aliniita nilitazame. Lilikuwa dogo kama punje ya mtama, la kahawia, lina miiba. Alilishika kwenye kiganja akaligeuza geuza kwa kidole, na niliona usoni kwake kwamba ametukanwa.

"Hiki?"

"Ndicho, mjomba."

"Ndicho kilichonitoa harusini?"

"Ndicho hicho."

Akafumba kiganja. "Usimwambie mtu ukubwa wake," akasema.

Daktari anayeshughulika na mambo ya figo huja kwetu mara moja kwa mwezi kutoka mjini. Alipomwona mjomba, akaandika kwamba anataka mkojo wa saa ishirini na nne: sehemu tuupime hapa kwetu, sehemu aende nao kwenye mashine kubwa. Kazi ya kumweleza mgonjwa ikawa yangu, na kumweleza mjomba wangu jambo lolote si kazi ndogo, kwa sababu husikiliza kama hakimu.

Nilimwambia kwamba mkojo umebeba madini. Maji yakiwa machache, madini hujikusanya yakawa chembe ndogo ndogo, na hiyo hutokea hata kwa watu ambao hawajawahi kuugua jiwe maisha yao yote. Chembe zinatengenezwa, zinatoka, mwenyewe hana habari. Swali ni kwa nini kwa mwingine zinang'ang'ania, zinashikana, zinakua. Hapo ndipo protini zinapoingia.

"Protini si maharage?"

"Maharage yana za kwao. Hizi ziko ndani ya mkojo, kidogo sana. Nyingine figo inazitengeneza yenyewe. Zinaivika ile chembe kama ngozi, isishikane na mwenzake, itoke zake."

"Walinzi."

"Tuseme hivyo. Lakini ukilipasua jiwe ukaliangalia ndani, unakuta protini humo humo, katikati ya madini, kama udongo uliokandikwa kwenye fito. Ndizo zilizoshikilia."

Mjomba akainamisha kichwa. Alikuwa amejenga nyumba tatu za udongo kwa mikono yake, hilo hakuhitaji kuelezwa. "Kwa hiyo wale wale walinzi ndio mafundi?"

"Wengine ni walinzi, wengine ni mafundi. Na wapo ambao mkojo ukiwa mwepesi wanalinda, ukiwa mzito wanajenga. Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Hapo hata wataalamu bado wanabishana, mjomba."

Hilo lilimfurahisha kuliko yote. Aliamini siku zote kwamba watu wa hospitali wanajua kila kitu ila wanaficha.

Nikampa dumu la lita tano, safi, lenye kifuniko. Nikamwambia, "Mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage. Kuanzia hapo, siku nzima mpaka asubuhi ya pili, jaza mkojo wako wote kwenye dumu hili, uniletee siku hiyo hiyo." Nililitamka neno hilo, jaza, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na kwa yaliyofuata siwezi kumlaumu mtu.

Baada ya wiki mbili walikuja, yeye na mkewe. Kutoka Mazingara walichukua bodaboda mbili hadi Mkata, halafu basi. Mke wa mjomba, ambaye mimi humwita mama, alibeba kuku, na ufuta kaufunga kwenye kitambaa. Mjomba alilibeba dumu mapajani njia nzima. Kondakta alitaka kulitia chini kwenye buti, akakataa. Abiria wa pembeni, mfanyabiashara wa Lushoto, akaliangalia kwa muda, akauliza asali hiyo anaiuzaje. Mjomba wangu hasemi uongo. Alimjibu kwamba haiuzwi, amemletea mpwa wake.

"Mpwa wako ana bahati," yule mtu akasema.

Nililipokea dumu mezani kwangu, likanishtua. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Na rangi yake ilikuwa nyepesi, ya majani makavu, wakati mkojo wa mjomba alipolazwa ulikuwa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nikajisemea kwamba labda amesikia mawaidha ya kunywa maji. Nikatikisa, nikachota, nikachovya kijiti cha kupimia, nikasubiri.

Kile kijiti chetu cha mezani hakioni zile protini za walinzi na mafundi. Hizo ni chache mno, zinataka mashine. Kijiti kinaona protini ya namna nyingine, ile ya damuni, ambayo figo nzima haitakiwi kuiachia ipite. Kwa mtu mwenye afya kiraka chake hubaki cha njano. Kwa mjomba kikageuka kijani pale pale. Nikachukua kijiti cha pili kwenye kopo jipya. Kijani.

Nilikaa kwenye stuli yangu. Mtu akiwa na protini nyingi namna hiyo kwenye lita tano, figo zake zinavuja kama paa la makuti yaliyochoka. Nilimwangalia kupitia dirishani, amekaa kwenye benchi na kofia yake, anamweleza mgonjwa asiyemjua habari za jiwe, na kwa mikono anaonyesha ukubwa wa embe dogo. Nikashikwa na huzuni. Nilimpigia daktari simu. Akaniambia nichukue mkojo mwingine sasa hivi, palepale, nilinganishe.

Mjomba alikwenda chooni na kikopo, akakaa sana, akarudi na vijiko vitatu vya kitu cheusi. Nikapima. Njano. Hakuna protini hata ya kusingizia. Nikarudia: njano.

"Mjomba," nikamwita ndani. "Ile siku ya kukusanya ulikunywa maji kiasi gani?"

"Chai asubuhi, chai jioni."

"Na maji?"

"Kwani chai imepikwa kwa kitu gani?"

"Basi lita tano zimetoka wapi?"

"Mimi mwenyewe nilishangaa," akasema, na alisema kweli. "Nilipoenda kulala lilikuwa hapa." Akaonyesha chini kabisa ya dumu, vidole viwili kutoka kwenye kitako. "Naamka, limejaa. Nikamshukuru Mungu."

Nilitoka nikamfuata mkewe kwenye benchi. Alikuwa anasuka ukili, kuku amelala miguuni. Nikakaa karibu naye nikamwuliza taratibu kama kuna mtu aligusa dumu. Akasuka mistari miwili zaidi.

"Wewe ndiye uliyesema lijazwe," akasema.

"Mama."

"Ningemwachaje mume wangu aende kwa madaktari na dumu lina vidole viwili? Watu wangesema mzee huyu kwake kuna nini? Harusi tunachangia, msiba tunachangia. Hili nikaona ni hilo hilo."

"Kwa hiyo ulimchangia."

"Nilimchangia."

"Peke yako? Lita nne?"

"Nina kibofu kizuri," akasema bila kunitazama.

Nikampa naye kikopo. Alirudi nacho kimefunikwa kwa upande wa kanga, kwa heshima zote. Nikapima. Njano.

Sasa nilikuwa na mkojo wa mjomba hauna protini, mkojo wa mkewe hauna protini, na dumu lenye protini ya kutosha watu wote wa mtaa. Ilikuwepo humo, haina mwenyewe. Nikamvuta mama mpaka kwenye kijichumba chetu cha vifaa, tukafunga mlango, tukasimama kati ya maboksi ya glovu.

"Nani mwingine?"

Akaangalia dari. Akaangalia maboksi. Akanishika mkono akanivuta chini mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake.

"Ukimwambia mjomba wako, mimi nitakana mbele ya sheikh."

"Nani, mama?"

"Mkamwana."

Hapo nikaelewa kwa nini ananong'ona. Kwetu Uziguani mkwe na mkamwana wanaheshimiana mpaka inachosha. Mke wa mtoto wako hapiti mbele yako, hatandiki kitanda chako, kigoda ulichoinuka yeye hakalii. Mjomba akiwa barazani, yule binti hupitia nyuma ya nyumba hata kama jiko liko mbele. Na sasa mikojo yao ilikuwa imesafiri pamoja kutoka Mazingara mpaka Korogwe, mapajani kwa mkwe, kwenye basi la watu.

"Alikataa," mama akasema. "Nikamwambia mwanangu, wewe una mimba, unaenda haja kila saa, ni ya bure hiyo, inamwagika tu. Akalia kidogo kwa aibu. Halafu akaleta."

Nilikuwa nacheka kimoyomoyo mpaka aliposema mimba. Nikakoma.

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Wa nane huu unaanza. Ya kwanza."

"Miguu yake ikoje?"

"Imevimba. Si ndivyo mimba ilivyo?"

"Uso?"

"Umejaa. Tumemsifia amenenepa."

"Kichwa kinamuuma?"

Akafikiri. "Tangu juzi analalamika. Nikamwambia ni jua la ufutani. Na anasema akiinuka anaona vimulimuli."

Mama wa watu alikuwa ananiangalia usoni, na nadhani aliona kitu hapo, maana aliachia mkono wangu. Nikamwambia kwamba hiyo huenda ni presha ya mimba, na kwamba ikiachwa huleta kifafa cha mimba, na binti anatakiwa awe hapa leo, sio kesho. Hakuuliza swali. Alifungua mlango akatoka kwa hatua ndefu kuelekea kwa mumewe, mimi nyuma yake, na njiani wote wawili tukakumbuka kwamba hatujapanga la kusema.

"Mkamwana anaumwa," akamwambia.

Mjomba akamwangalia, akaniangalia. "Tumemwacha mzima asubuhi. Mmejuaje?"

Mama akaninyooshea kidole. "Ameota."

Nilisoma maabara miaka mitatu. Nina cheti kimetundikwa ukutani, hatua nne kutoka pale tuliposimama. "Nimeota, mjomba," nikasema.

"Tangu lini watu wa maabara wanaota saa tano asubuhi?"

"Ilikuwa kidogo tu."

Alinitazama muda mrefu kwa yale macho ya hakimu. Halafu akatoa simu mfukoni mwa kanzu. Nimesikia sauti ya mjomba kwenye harusi na misiba mingi, lakini siku ile niliona inafaa kwa kazi gani hasa. Alimpigia jirani mwenye pikapu ya kubebea machungwa, akamwambia maneno machache, na ingawa jirani huyo, kwa jinsi anavyojulikana, hata kijiti cha kiberiti hamwazimi mtu, nilisikia kwenye simu injini inawashwa. Akampigia muuguzi wa zahanati ya kule ampime presha binti kabla hajapakiwa na afuatane naye. Akampigia mtoto wake, mume wa binti, aliyekuwa kwenye kazi za ujenzi Dodoma, akamwambia, "Njoo Korogwe. Usiulize, dada yako wa maabara ameota."

Pikapu ilifika alasiri. Presha aliyoiandika muuguzi kwenye kipande cha daftari ilikuwa ya kutisha, na tulipompima sisi ilikuwa imepanda zaidi. Nilimpima mkojo wake mwenyewe kwenye kikopo chake mwenyewe. Kiraka kiligeuka kijani kizito mpaka karibu na bluu. Binti alikuwa amelala ubavu, anakinga macho na mwanga, na alipoona ni mimi akanong'ona kitu cha kwanza kilichokuwa moyoni mwake.

"Dada, baba anajua?"

"Hajui."

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho.

Walimtundikia dawa ya kuzuia kifafa na za kushusha presha. Siku mbili zile sikula vizuri. Mama alikaa kwenye mlango wa wodi na ukili wake, akisuka na kufumua sehemu ile ile. Siku ya tatu daktari wa wazazi akaona hakuna faida ya kungoja, wakamfanyia upasuaji. Alitoka mtoto wa kike, mdogo, mwenye hasira, akalia kabla hajafutwa. Presha ya mama yake ikaanza kushuka polepole wiki ile ile.

Mjomba alinikuta kwenye kibaraza nikinawa mikono. Akasimama pembeni, akatazama magari barabarani.

"Mpwa. Lile dumu."

"Ndiyo, mjomba."

"Uliona kitu humo."

"Niliona."

"Kilikuwa cha nani?"

Nikafunga bomba. Nikafungua tena.

"Sijauliza," akasema mjomba, akaondoka.

Mkojo wake wa saa ishirini na nne ilibidi urudiwe. Kwa vile walikuwa wamefikia kwangu, aliukusanya nyumbani kwangu, na dumu safari hii alililinda mwenyewe. Alikwenda nalo msikitini akaliacha penye viatu, akalirudia kabla ya watu wote. Mkewe akipita karibu, alikuwa analivuta upande wake. Ilipatikana lita moja na kidogo, nyeusi. Daktari alichukua sehemu yake akaenda nayo mjini, na mwezi uliofuata akaja na karatasi. Madini yalikuwa mengi, maji machache. Kuhusu protini za kuzuia mawe, alimwambia zipo, tena za kutosha kwa mtu anayekunywa maji. Ila kwenye mkojo mzito namna ile zinazidiwa, zinajikunja na kushikana zenyewe kwa zenyewe, na badala ya kuzuia zinaanza kunata.

"Kwa hiyo nimewatesa," mjomba akasema.

"Wape maji, mzee," daktari akamjibu.

Sasa anakunywa. Anakunywa kwa kisirani, kikombe mkononi, akiangalia pembeni, lakini anakunywa, na mpaka ninapoandika haya hajapata jiwe jingine.

Siku binti aliporuhusiwa, mumewe alikuwa amesharudi kazini, kwa hiyo mjomba alikodi gari ndogo ya kuwarudisha Mazingara, nami nikawasindikiza. Mjomba alikaa mbele na dereva. Nyuma tulikaa mimi, mama, na binti dirishani na mtoto amefunikwa kwenye kanga mbili. Tangu tunatoka Korogwe mjomba hakugeuza shingo hata mara moja. Alikuwa anaangalia barabara kama yeye ndiye anayeendesha.

Tulipopita Segera upepo ukaanza kuingia. Mjomba akakohoa.

"Dereva," akasema.

"Naam, mzee."

"Waulize huko nyuma kama mtoto amefunikwa masikio."

Dereva, kijana wa Kisambaa mwenye adabu zake, akatazama kwenye kioo. "Mzee anauliza kama mtoto amefunikwa masikio."

Binti akainama. "Mwambie mzee amefunikwa."

"Anasema amefunikwa."

"Waulize kama amenyonya."

"Mzee anauliza kama amenyonya."

"Amenyonya tulipotoka."

"Amenyonya walipotoka, mzee."

Tukaenda kilomita kadhaa hivyo hivyo. Mjomba aliuliza kama mtoto amelala, kama pua haijaziba, kama kile kidonda cha mama yake hakisumbuliwi na matuta. Dereva alipeleka na kurudisha kila kitu, kwa sauti ile ile. Halafu maswali yakaisha, tukadhani amesinzia.

"Dereva," akasema tena.

"Naam."

"Mwambie asante."

Dereva akatazama kwenye kioo, akangoja. "Nimwambie asante ya nini, mzee?"

"Mwambie tu," mjomba akasema, na akateremsha kofia mpaka kwenye nyusi.